Mto Mwera unaishia wapi? Masingini, mabonde na maweni ya Unguja

Kila masika ikikaza, mazungumzo ya barazani Unguja hurudi pale pale. Njia imekatika, nyumba zimeingia maji, na hakosi mtu wa kuuliza: kisiwa hiki hakina hata mlima wa maana, haya maji yote yanatoka wapi? Mwengine atamjibu kuwa yanatoka Bara, yanapita chini ya bahari. Wa tatu ataingiza habari za volkano. Ukifika Januari, jua la kaskazi limewaka na visima vimeshuka, watu hao hao watauliza kinyume chake: maji yamekwenda wapi? Masuala yote mawili yana jibu moja, nalo limekaa kwenye kilima cha Masingini na bonde la Mwera lililo chini yake.

Tuanze na maneno. Nikisema kilima hapa, sikusudii kitu cha kupanda kwa kamba. Masingini, ambayo huhesabiwa kuwa sehemu ya juu kabisa ya Unguja, iko kama mita 120 tu juu ya usawa wa bahari. Ni tuta refu lililolala kwa mkao wa kaskazini na kusini, mwendo mfupi kutoka mjini, na vijiji vya Dole, Kizimbani na Kidichi viko kwenye miinuko hiyo hiyo. Bonde, kwa watu wa Unguja, ni ardhi ya chini inayoshika maji, aghalabu hupandwa mpunga. Na maweni ni ile nchi ya mawe ya matumbawe ambayo jembe halizami.

Wakulima wa visiwani walikuwa wameshaigawa ardhi yao kabla mtaalamu yeyote hajaja na ramani. Kinongo ni udongo mwekundu au wa kahawia, wenye rutuba, unaopendwa na mkarafuu. Kichanga ni mwepesi, hufaa muhogo na minazi. Kinamo ni wa kijivu au mweusi, wa kunata, ukilowa hauachii jembe na ukikauka hupasuka nyufa. Uwanda ni udongo mchache uliotandazwa juu ya jiwe, na baada ya hapo ndiyo maweni yenyewe. Mgawanyo huu si wa kilimo tu. Ukiuchora kwenye karatasi umepata ramani ya jiolojia ya Unguja, na mimi naona ni ramani nzuri kuliko nyingi zilizochapishwa, kwa sababu kila mkulima anaweza kuisoma kwa miguu.

Sasa kilima chenyewe. Udongo wa Masingini haukuzaliwa Unguja. Chukua mchanga wa huko uusuguze kiganjani: una punje ngumu, zinazong'aa, zisizovunjika. Hizo ni punje za kwazi, madini yanayotokana na miamba ya kale sana, na miamba hiyo haipo juu ya ardhi popote Zanzibar. Iko Bara. Punje hizo zililetwa na mito mikubwa iliyokuwa ikimwaga maji yake katika bahari ya Hindi wakati wa enzi inayoitwa Miosini, iliyoanza miaka kama milioni 23 iliyopita na kwisha kama milioni 5 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na Unguja wala Pemba. Palikuwa na mdomo wa mto, mpana, wenye matope na mchanga, kwa jinsi delta ya Rufiji ilivyo leo. Bahari ilikuwa ikisogea na kurudi. Ikisogea, huacha tabaka la chokaa lenye makombe; ikirudi, mto huongeza mchanga na udongo juu yake. Matabaka hayo yamepangana mamilioni ya miaka.

Aliyeyaandika kwa utaratibu mwanzo ni G. M. Stockley, ambaye ripoti yake juu ya jiolojia ya Zanzibar ilitoka 1928. Aliyagawa matabaka na kuyapa majina ya pahala alipoyaona, na ndiyo maana Wete, Chake Chake na Masingini ni majina yanayotajwa kwenye vitabu vya miamba. Baadaye, katikati ya karne ya 20, wachimbaji wa mafuta walitoboa kisima kirefu Unguja na chengine Pemba. Kila kimoja kilipita kilomita tatu kwenda chini, na chini huko bado walikuwa wakikuta matabaka ya mchanga, udongo na chokaa.

Hapo ile hadithi ya volkano inaanguka yenyewe. Volkano huacha mwamba mweusi ulioganda kutokana na moto, kama ule wa Kilimanjaro au Meru. Kilomita tatu za matabaka ya majini ni ushahidi wa mto na bahari, si wa moto. Kinachowababaisha watu, nadhani, ni ule wekundu wa kinongo, unaoonekana kana kwamba umeungua. Wekundu huo ni kutu. Udongo una chuma ndani yake, na chuma kikikaa na mvua na joto kwa muda mrefu hushika kutu, hata kikiwa ni chembe zisizoonekana kwa macho.

Matope ya delta hayakubaki chini ya maji. Pwani yote hii ya Afrika Mashariki imekuwa ikivutwa na kupasuka. Vipande vya ardhi vikapanda, vyengine vikashuka kwenye nyufa ndefu zinazofuata mkao wa pwani. Ndiyo sababu matuta ya Unguja yamelala kaskazini na kusini badala ya kutawanyika ovyo. Mvua ikaanza kazi yake ya kuchonga. Palipokuwa na mchanga mlaini maji yalichimba, udongo uliosombwa ukatua chini na kuwa kinamo, na hivyo mabonde yakapatikana, likiwemo la Mwera.

Maweni ni hadithi nyengine kabisa, na ni changa zaidi. Matumbawe ni wanyama wadogo wa baharini wanaojijengea nyumba za chokaa. Kizazi hujenga juu ya kizazi mpaka fungu linakuwa mwamba. Miaka kama 125,000 iliyopita, dunia ilikuwa na joto na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita sita au zaidi, kwa hiyo miamba ya matumbawe ilistawi pale ambapo leo panapita gari. Kisha bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nchi kavu yakafa. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu zikiwemo, imekaa juu ya miamba ya namna hii, mengine yakiwa ya zamani zaidi ya hapo. Mji Mkongwe nao umejengwa kwa mawe hayo hayo, yakaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Kwenye ukuta uliobambuka plasta mara nyingi utaona maumbo ya matumbawe bado yamesimama wima.

Watu wa maweni husema mawe yanaota. Unasafisha konde mwaka huu, baada ya masika mbili tatu unakuta vichwa vya mawe ambavyo hukuviona. Jicho limeona sawasawa, ila sababu siyo hiyo. Jiwe liko pale pale. Udongo ndio uliokwenda. Udongo wa uwanda ni mwembamba, na ukikatwa miti na kuchomwa moto, mvua chache zinatosha kuufagia. Tena mvua hulila jiwe lenyewe, sehemu moja haraka na nyengine polepole, ndiyo linabaki na ncha kali za kukata miguu.

Kwa hiyo Unguja ni visiwa viwili vilivyoshikana: kimoja cha udongo wa mto uliotoka Bara, chengine cha mifupa ya wanyama wa baharini. Mto Mwera unapita kutoka cha kwanza kuingia cha pili, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwachanganya watu.

Mto huu, ambao ni katika mikubwa ya Unguja, unapata maji yake kwenye miteremko ya Masingini. Mvua ikinyesha juu, sehemu hupotea hewani na kwenye miti, sehemu huzama kwenye mchanga. Ile iliyozama hushuka mpaka ikutane na tabaka la udongo mzito lisilopitisha maji, kisha huteleza juu ya tabaka hilo na kutokea ubavuni mwa kilima kuwa chemchem. Ndivyo zilivyo chemchem za upande wa Bububu na Mwanyanya, ambazo Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya huko kwa mfereji mpaka mjini. Upande wa pili wa tuta, maji hukusanyika bondeni na kuwa mto.

Madamu uko juu ya kinamo, mto unakwenda kama mto mwengine wowote. Unaelekea kusini mashariki, unanywesha mpunga, masika unafura. Kisha unafika kwenye mwamba wa matumbawe, na unapotea. Hauishi kwa kukauka. Unaingia chini. Maji ya mvua, yakichanganyika na hewa inayotoka kwenye udongo na majani yaliyooza, huwa na ukali mdogo wa asidi. Ukali huo hauwezi kuudhuru mchanga, lakini chokaa huiyeyusha. Ufa mdogo kwenye jiwe huwa tundu, tundu huwa pango, na baada ya maelfu ya miaka mwamba mzima una njia za maji ndani yake. Mto ukifika hapo hauna haja ya kubaki juu. Mto wa Kinyasini nao na wenzake kadhaa huishia hivyo hivyo, ilhali vijito vya upande wa magharibi, kwa vile havikutani na maweni mapana njiani, hufika baharini.

Maji yaliyozama hayakupotea. Yanakwenda polepole chini ya nchi ya mawe, yanaonekana kwenye mapango yenye vidimbwi baridi, na mwisho hutoka baharini. Bahari ikipwa, kwenye fukwe za maweni huonekana vijito vidogo vikitoka chini ya jiwe, na ukionja utakuta chumvi yake si ya bahari tupu.

Twende kwenye ile imani ya maji ya Bara. Ina mvuto wake: Bara ina milima mirefu, sisi hatuna. Lakini tuhesabu. Unguja hupata mvua ya wastani wa kama milimita 1,600 kwa mwaka. Hekta moja ikipata mvua hiyo, ni lita milioni 16. Msitu wa hifadhi wa Masingini peke yake unapita hekta 500. Hata ukitoa yanayorudi hewani, ambayo ni mengi, yanayobaki yanatosha kulisha chemchem bila ya msaada wa Kilimanjaro. Ushahidi mwengine uko kwenye kamba ya ndoo. Visima vya Unguja hupanda baada ya masika, hupanda kidogo baada ya vuli, na hushuka kaskazi ikiwa ndefu. Vinafuata mvua ya hapa hapa. Na visima vya pwani vikivutwa sana kwa mashine hugeuka chumvi, jambo ambalo lisingetokea kama pangekuwa na mto wa maji matamu unaosukuma kutoka ng'ambo.

Kwa nini hugeuka chumvi? Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari. Chini ya kisiwa, hasa kwenye maweni, mwamba umejaa maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, na maji ya mvua hukaa juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tofauti ya uzito baina yao ni ndogo sana, kwa hiyo maji matamu hujisukumia chini kwa kina kirefu: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kunakuwa na kama mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inafurahisha ukiisoma kwa upande mmoja. Isome kwa upande wa pili: ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka mita moja, ya chumvi yatapanda kama mita 40. Ndiyo maana kisima cha ndoo cha bibi huko Jambiani kiliweza kudumu vizazi, na kisima cha pampu kilichochimbwa jirani kikaharibika kwa muda mfupi. Bibi alikuwa akichota juu juu.

Kuna jambo moja katika imani ile ambalo lina ukweli wa aina yake. Unguja iliwahi kuwa Bara. Miaka kama 20,000 iliyopita, wakati wa baridi kuu la dunia, maji mengi yalikuwa yameganda kuwa barafu kaskazini na kusini ya dunia, na bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa kiasi cha mita 120. Mkondo baina ya Unguja na Bara kwa sehemu kubwa haufiki hata mita 50. Ulikuwa nchi kavu, mtu angetembea kutoka Bagamoyo. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hakuna mtu aliyewapakia jahazini. Walikuja kwa miguu, barafu ikayeyuka, bahari ikawakatia njia. Kima punju, wale wekundu wa msitu wa Jozani, ni mabaki ya wakati huo huo.

Pemba haimo katika hadithi hiyo. Mkondo wa Pemba unapita mita 500 kwenda chini, na kushuka kwa bahari kwa mita 120 hakuufungi. Kwa hiyo wale wanaosema Pemba ilimeguka kutoka Unguja wamekosea: visiwa hivi vimetokana na matope ya enzi moja, ila Pemba ilipandishwa kama kipande chake peke yake, na ufa mkubwa ukashuka baina yake na Bara. Imekaa peke yake muda mrefu mno kuliko Unguja, na viumbe wake wanaonyesha hivyo. Ina popo wake mkubwa na aina nne za ndege wasiopatikana pahala pengine popote duniani. Kima punju walioko msitu wa Ngezi, huko Pemba, walipelekwa na watu katika miaka ya 1970.

Ukitaka kuona Masingini ingekuwaje kama ingetapakaa kisiwa kizima, panda gari kutoka Mkoani kwenda Wete. Vilima havina urefu wa kutisha ila havimaliziki. Umeshuka bondeni kwenye mpunga, mara unapanda kwenye karafuu, mara unashuka tena. Ni matabaka yale yale ya mchanga na udongo, na maweni yamebanwa zaidi upande wa mashariki, Micheweni na kwengineko. Kwa vile mabonde ya magharibi hayakuzibwa na mwamba, bahari ilipopanda tena baada ya baridi kuu iliingia ndani yake. Hori ya Chake Chake, na zile za upande wa Wete na Mtambwe, ni mabonde ya mito yaliyozama. Mikoko imeota pale ambapo mto ulikuwa ukiteremka.

Turudi Unguja, kwenye viwanja, kwani huko ndiko ujinga wa ardhi unakogharimu pesa. Watu wengi hununua kaskazi. Ardhi ni kavu, tambarare, bei yake nafuu, haina mawe ya kuvunja. Tambarare isiyo na mawe karibu na mteremko wa tuta, aghalabu, ni bonde. Kinamo chake kikishalowa hakipitishi maji, na maji ya kilima chote yana njia moja ya kupita. Kibonde Mzungu, kabla ya daraja kujengwa, maji ya masika yalikuwa yakikata njia. Kuna pia mashimo yasiyo na mlango, ambako ardhi imebonyea pande zote na maji hayana pa kutokea ila kuzama polepole. Eneo la Mwanakwerekwe linajulikana kwa hilo. Kabla hujalipa, tazama kama udongo una nyufa pana, tazama majirani wanalima nini, kisha mwulize mzee wa pale, au sheha, masika maji hufika wapi. Nenda Aprili kama unaweza kusubiri. Muuzaji asiyetaka usubiri ameshakujibu.

Maweni hayafuriki kirahisi, na hilo huwadanganya wajenzi kwa njia nyengine. Karo la choo likichimbwa kwenye mchanga, maji machafu huchujwa yakipita baina ya punje, kwa siku nyingi. Likichimbwa kwenye jiwe la matumbawe lenye nyufa, yanaweza kufika kisimani haraka sana yakiwa vile vile yalivyotoka. Umbali wa kisima na choo unaotosha Dole hautoshi Paje. Kwenye maweni karo lililojengewa chini na pembeni ni lazima, hata kama fundi atakwambia kuwa halijai kwa sababu "jiwe linakunywa". Linakunywa kweli, na jirani yako ananywa baada yake.

Limebaki la mchanga wa kujengea, ambao umekuwa ugomvi wa kila mwaka. Umekuwa ukichimbwa Donge Chechele, Kiombamvua, Pangatupu na kwengineko, kwenye ukanda ule ule wa matabaka ya udongo na mchanga. Huwezi kuupata Makunduchi hata uchimbe vipi. Watu huuliza kwa nini Serikali inabana vibali ilhali mchanga uko chini ya miguu yetu. Uko, ila hauongezeki. Mito iliyouleta haifiki tena hapa, kwa kuwa kuna bahari katikati. Tena mchanga huo ndio unaopokea mvua na kuihifadhi, kwa hiyo shimo lililochimbwa mpaka kwenye kinamo huwa bwawa la masika, na chemchem iliyokuwa ikinyweshwa na mchanga ule hupungua. Mawe ya matumbawe yakisagwa huweza kushika nafasi ya mchanga kwa kazi kadhaa za ujenzi, na mawe tunayo ya kutosha, ingawa nayo kuyavunja ni kupunguza kile kinachohifadhi maji ya upande wa mashariki.